Mwavuli wa Mtahini

Mwaka ule mchana nilikuwa nauza vitenge Kariakoo, jioni napanda basi la mwendokasi kwenda Posta kusoma Kijerumani. Nilichoka hadi nikawa nasinzia nimesimama. Mume wangu alikuwa Ujerumani, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, na mimi nisingepewa viza ya kumfuata bila kufaulu mtihani wa lugha, ule wa wanaoanza. Nilishafeli mara moja. Nilipompigia kumwambia, alisema, "Haya, pole," kisha akasema anaingia kazini. Basi. Tangu hapo nikawa na donge moyoni: huyu mtu ananitaka kweli, au ameshazoea maisha yake?

Kilichoniangusha ni kitu wanachokiita dativ. Mwalimu wetu, mama mmoja mpole aliyeishi huko miaka mingi, alitueleza kwamba kila jina kwa Kijerumani lina kineno mbele yake. Mwanamume ana der, mwanamke ana die. Sasa ukimpa mtu kitu, kineno cha yule anayepokea kinabadilika. Der inakuwa dem. Die inakuwa der.

"Subiri, mwalimu," nikasema. "Yaani mwanamke akipewa kitu tu, anavaa suruali ya mume?"

Darasa likacheka. Mimi sikuwa natania. Sisi tunasema nampa, namletea, namuuzia, kitenzi kinabeba mzigo wote, na anayepokea anakaa zake kwa raha na jina lake lile lile. Hawa wenzetu wanamhangaisha kila mtu kwenye sentensi! Mwalimu akasema, "Usikariri. Jiulize tu, nani anapokea?" Rahisi kusema. Kichwani mwangu mlikuwa na marobota ya vitenge ambayo hayajafunguliwa.

Jirani yangu wa duka, mama wa Kiarabu anayeuza mabaibui, alinichokoza kila asubuhi. "Wewe Mchaga, hicho Kijerumani utakiuza bei gani?" Lakini ndiye aliyenishikia duka nilipoondoka mapema. Ndivyo tunavyoishi. Kariakoo mteja haambiwi "hakuna". Akiulizia kitu ambacho huna, unamwambia, "Ipo, dada, kaa hapo," unamvutia stuli, halafu unatoka mbio kwa jirani, unachukua, unarudi nacho kama umekitoa stoo. Mambo ya hela mtajuana na jirani baadaye. Nimefanya hivyo tangu nikiwa msichana kwenye duka la mama yangu, miguu inaondoka yenyewe.

Siku ya mtihani wa pili mvua ilinyesha asubuhi nzima. Nilifika nimelowa, sijalala vizuri, na nilishaamua kwamba nikifeli tena ndiyo mwisho. Nitamwambia mume wangu kila mtu ashike njia yake.

Sehemu ya mwisho ni ya kuzungumza. Mnakaa wawili wawili mbele ya watahini, mmoja anachukua kadi yenye picha na kumwomba mwenzake kile kilichochorwa. Mwenzake anajibu tu: ndiyo, chukua, au samahani, sina. Niliwekwa na binti mmoja aliyetaka kwenda kusomea uuguzi. Akageuza kadi yake, mwavuli. Akaniomba kwa Kijerumani, kwa sauti ndogo, nimpe mwavuli.

Sikuwa na mwavuli. Kwa jinsi nilivyochoka, mdomo ukasema, "Ja, Moment!" yaani ndiyo, subiri kidogo, na miguu ikaondoka. Nikaenda hadi ukutani, ambapo mtahini mmoja, mama wa Kijerumani mwenye miwani, alikuwa ameegemeza mwavuli wake unaochuruzika maji. Nikauchukua. Nikarudi nao, nikampa yule binti kwa mikono miwili.

Mtahini akavua miwani, akaniuliza kwa Kijerumani nafanya nini.

"Ich gebe der Frau den Schirm," nikamjibu. Nampa huyu mwanamke mwavuli, na die ikageuka der bila mimi kufikiri. Nilipouona uso wa yule mama ndipo akili ikanirudia. Mungu wangu, nimebeba mwavuli wa mtahini!

Hawakucheka wala hawakunigombeza. Waliandika tu. Nikarudi dukani nimekwisha kabisa. Jirani alipouliza imekuwaje, nikamwambia nimechukua mali ya mtahini nikampa mteja. Alicheka hadi akakaa chini. Mimi nililia, na alipoona nalia kweli akaja kukaa karibu yangu.

Majibu yalikuja kwenye simu nikiwa dukani. Nimefaulu. Sikushangilia, nguvu hizo sikuwa nazo. Nilikaa juu ya robota nikampigia mume wangu.

"Nimefaulu," nikasema.

"Haya," akasema.

Haya! Yaani baada ya yote yale, haya? Hasira zikanipanda, nikafungua mdomo nimpe vidonge vyake. Ndipo nikamsikia anavuta makamasi. Mume wangu, ambaye sikumwona akidondosha chozi hata tulipomzika baba yake, alikuwa analia.

"Ile siku ulipofeli nilijifungia chooni kazini," akasema. "Sikutaka unisikie."

Mteja akasimama mlangoni, anaulizia kitenge cha njano chenye maua makubwa. Sikuwa nacho. Jirani alikuwa nacho, nilikiona kwa macho yangu kimening'inia pale kwake.

"Hakuna, dada," nikamwambia, nikageukia ukutani na simu yangu sikioni.