Siku Niliyofundisha "Brang" Bisil

Nilitoka kwetu Kitengela kwenda kufundisha Bisil mwishoni mwa miaka ya tisini, muda mfupi baada ya kumaliza kidato cha nne. Sikuwa na cheti cha ualimu. Shule ilikuwa ndogo, ya kibinafsi; mwalimu wa Kiingereza alikuwa ameondoka, nikapewa darasa la tano.

Siku moja tulifika kwa vitenzi visivyofuata kanuni. Nikaandika ubaoni: sing, sang, sung. Ring, rang, rung. Mambo yalikuwa yananinyookea, nikaongeza: bring, brang, brung. Watoto wakayaimba mpaka darasa la pili wakatusikia.

Kesho yake, nikisahihisha madaftari, nikakuta kwenye daftari la msichana mmoja maneno madogo ya penseli kando ya "brang": brought, brought. Mwandiko haukuwa wa mtoto. Nilipomuuliza alisema ni wa mamake.

Mamake aliuza vitambaa karibu na soko la mifugo. Walikuwa wamehamia kutoka Garissa. Jioni nilikwenda dukani nikiwa tayari kulaumu kitabu, ingawa sikuwa nimefungua kitabu chochote. Akanipa stuli na chai ya maziwa, akauliza habari za kwetu. Kuhusu brang hakusema neno. Mwishowe nikamuuliza kwa nini hakwenda kwa mwalimu mkuu.

"Ningeenda huko, wangekufukuza," akasema. "Nimeandika na penseli, mwalimu. Ukitaka, futa."

Nilimwambia sitafuta. Nikamwambia pia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu: vitenzi vingi nilikuwa nabahatisha tu. Yeye alikuwa amesoma mpaka kidato cha pili kabla ya kuolewa, na vitenzi alivijua vyote. Tangu hapo, kila Jumamosi alinihoji huku akipima vitambaa: catch, fight, seek. Nikikosa, alirudia polepole, bila kucheka.

Darasani nilikiri kwamba nilikuwa nimewafundisha vibaya. Mvulana mmoja akauliza kama sasa waitoe brang kichwani. Nikasema ndiyo. Ilichukua wiki mbili, maana walipenda jinsi ilivyoimbika.

Nilikaa Bisil miaka mitatu. Barua ya kuomba nafasi katika chuo cha ualimu niliiandikia palepale dukani kwake, na kabla sijaitia kwenye bahasha aliisoma mara mbili.