Ukuta wa Matundu kwenye Postikadi

Miaka ile ya vita mimi sikuwa mtu wa kukaa. Majirani zetu wa Buyenzi wakisikia milio kutoka milimani walijifungia, wakapika, wakasali. Mimi nilizunguka uani mpaka Baba akaniuliza kama nimekalia siafu. Siku njia zikiwa wazi nilibeba mfuko wangu wa postikadi, nikaenda mjini kukagua majengo kama vile kuna aliyeniajiri.

Nilikuwa nauza madaftari na kalamu karibu na soko. Kadi zile nilizipata kwa fungu katika duka la vitabu lililokuwa linafungwa. Zilikuwa za zamani, za enzi ya wakoloni, mji bado unaitwa Usumbura, na rangi zake zimekolezwa kupita kiasi. Majengo meupe, veranda ndefu, madirisha ya duara, vibamba vya zege juu ya milango, vyembamba hata unajiuliza vimeshikwa na nini. Nilisimama pale aliposimama mpiga picha, nikalinganisha. Hapa vioo vimekwenda. Hapa veranda imejazwa magunia ya mchanga. Hapa paa, lililochorwa tambarare na bwana ambaye naapa hakukaa kwetu hata msimu mmoja wa mvua, linavuja kama lilivyovuja siku zote. Nilirudi nyumbani na hasira, na kesho yake nikatoka tena.

Kadi moja ilikuwa roho yangu. Ilionyesha jengo la ghorofa tatu ambalo upande wa ngazi umefungwa kwa ukuta wa klostra, yale matofali ya zege yenye matundu ya kupitisha hewa na mwanga. Klostra zile alizimwaga Baba akiwa kijana, moja moja, katika kalibu ya mbao aliyoitengeneza mwenyewe. Na pale chini pembeni, kando ya toroli, kuna kijana mwembamba mwenye shati jeupe, mkono kiunoni.

“Ule ni mi,” Baba alisema.

Hatukuwa na picha nyingine ya ujana wake. Yeye lakini hakuelewa kwa nini naifunga ndani ya kitambaa. “Picha ya nini? Nyumba si iko pale? Tembea uende kuiangalia.”

Nyumbani tulikuwa watatu: Baba, mimi, na wifi yangu, mke wa kaka yangu aliyekuwa amekwenda Kigoma kutafuta kazi. Wifi alizaliwa Cibitoke, mtaa ambao vita viliuhesabu upande wa pili, na alikuwa na mdomo wa kuchekesha hata siku ambazo hakuna cha kuchekea. Nikiingia na mfuko wangu ananiuliza, “Madamu Karti, leo nyumba ngapi zimekimbia?” Nilimpenda. Niseme hivyo mapema, kabla sijaeleza nilichomfanyia.

Siku moja alikuja mwalimu, mama aliyekaa ghorofa ya pili ya jengo lile. Risasi ilikuwa imepita kwenye tundu la klostra, ikachimba ukuta mlangoni kwake. Alimtaka Baba azibe matundu yote. Nilipandisha hasira.

“Baba, utaziba kazi yako mwenyewe?”

“Watoto wanapita mu ngazi kila siku,” alisema. “We unataka nizibe nini, masikio yao?”

Saruji haikupatikana, nchi ilikuwa imewekewa vikwazo. Akachukua vipande vya matofali ya kuchoma na udongo, akasukuma toroli lake asubuhi nne mfululizo. Mimi sikwenda hata kumpelekea chakula. Alikwenda wifi.

Siku mbili baada ya kumaliza kazi, Baba alianguka akitia udhu. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia na ulimi wote. Wiki nzima tulimgeuza na kumlisha. Nilipokumbuka mfuko wangu na kuuvuta kutoka chini ya kitanda, nusu ya kadi hazikuwamo. Ile ya kitambaa pia. Kitambaa kilikuwa kimebaki, kimekunjwa vizuri.

Ndugu za wifi waliuza vitu vya mitumba. Nikaunganisha moja na moja, nikamwita mbele ya kitanda cha Baba.

“Mi niibe karatasi?” alisema, bado anacheka. “Niifanye nini, niipike?”

“Nyie watu wa huko kwenu mnajua wenyewe mnafanya nini.”

Nilisema kwa sauti, ua wote ulisikia. Na miaka ile, ukimwambia mtu “watu wa huko kwenu”, humwambii habari ya kadi. Wifi aliacha kucheka.

Hapo Baba akaanza kupiga ukuta kwa kiganja cha kushoto. Pa. Pa. Hakuwa anapiga hasa, alikuwa anasukuma. Nilimshika kwapani nimwinue, akanitoa mkono.

“Mzee anasema kitu,” wifi alisema.

“Anataka kutoka nje.”

Jioni ile ile wifi aliviringisha godoro lake, akarudi Cibitoke, wakati wenye akili walikuwa wanatoka huko. Sikumzuia. Baba aliendelea kusukuma ukuta kila siku, na kila siku mimi nilimsogezea bakora. Aliendelea hivyo mpaka akafa.

Miaka ikapita, risasi zikapungua, zikanyamaza. Yule mwalimu akaja kwenye meza yangu ya madaftari.

“Marehemu alituambia vita vikiisha tusiite fundi,” alisema. “Tusukume na kiganja tu, inatoka. Sasa tumesukuma. Njoo uone kitu kinatoka mule.”

Nilipanda ngazi zile gizani. Akasukuma kipande cha tofali, kikadondoka nje kwenye majani, na kati ya udongo na zege ikabaki kadi, imekunjwa kufuata umbo la tundu.

Mambo hayo nayajua tangu utoto. Mafundi wa zamani wakiziba kitu kitakachofunguliwa tena, hutandika kwanza karatasi nene ya mfuko wa saruji, udongo usishike zege. Sisi tulilala juu ya mifuko ya namna hiyo, Baba akiihifadhi chini ya kitanda. Lakini bila saruji, mifuko itoke wapi? Akaingiza mkono chini ya kitanda kama alivyozoea, akakuta karatasi ngumu, nzuri, isiyopitisha maji. Za nini tena, nyumba si iko pale?

Nilisukuma mwenyewe, kwa kiganja cha kushoto. Pa. Mwanga ukaingia kwenye ngazi. Kadi yangu ilikuwa katika tundu la saba. Unyevu ulikuwa umekula anga na ghorofa ya juu, lakini kijana wa toroli alikuwapo, mkono kiunoni. Nilikaa kwenye ngazi nikalia mpaka mwalimu akaniletea maji.

Wifi hakuwa tena Cibitoke; nilimpata Gasenyi, pembeni ya mji, baada ya kuuliza nyumba nyingi. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilimweleza yote nimesimama, nahama mguu huu kwenda huu: mifuko ya saruji, matundu, kiganja. Alifuta mikono, akaishika kadi kwa pembeni.

“Mzee alikuwa mwembamba,” alisema. Kisha, “Nilikuambia anasema kitu.”

“Uliniambia.”

“Alikuwa ananitetea.”

“Ndiyo.”

Akanirudishia kadi. Nikasema, chini chini, nikiwa naangalia kinu, “Wifi, unisamehe.”

“Apana,” alisema. “Sema kwa nguvu. Siku ile ulisema kwa nguvu.”

Nikasema kwa nguvu. Jirani wa kwanza akatoa kichwa mlangoni, halafu wa pili, na wifi hakuniambia ninyamaze.