Mungu wa Radi Aliyeshika Jembe

Sisi tuliokulia Sirisia miaka ya hamsini hatukuwa na mengi ya kusoma: Biblia, kitabu cha nyimbo, na maandishi ya pakiti ya majani chai. Kwa hiyo papa, baba yetu, aliporudi likizo kutoka Kitale, alikokuwa mpishi wa setla mmoja, na mzigo wa karatasi kuukuu za kuwashia moto, tuliupekua kabla mama hajaufikia. Ndani tukakuta kitabu cha picha cha miungu ya kale. Wote walikuwa na vifua kama milango, shuka shingoni, na chupi wamezivaa juu ya suruali. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kilikuwa cha Kiingereza. Dada yangu Nanjala, wa darasa la sita, ndiye pekee kati yetu aliyekijua kidogo. Basi kila alasiri, maji yakishachotwa, alitusomea nyuma ya ghala huku tukitafuna mahindi ya kuchoma.

Na kila mtu alikuwa na maoni yake. Wafula wa jirani alisema mungu asiyekula ugali ni muongo. Mimi nilitaka mungu wa kike aliyekuwamo kitabuni apewe mkuki wake mwenyewe. Kukhu, bibi yetu, ambaye hakujua hata a, alizitazama picha kwa muda mrefu.

"Hawa wote wanapigania kiti," akasema. "Sasa nani anashughulikia mvua yetu?"

Kesho yake hadithi ilikuwa imebadilika. Nanjala alisoma, kidole kikifuata mstari, kwamba mungu wa radi ametua nyundo yake, ameshika jembe, anapalilia shamba la mjane. Mungu wa kike naye alikuwa na mkuki. Tuliridhika sana, wala hakuna aliyeuliza mbona kwenye picha jembe halionekani.

Habari zikamfikia papa, mzee wa kanisa, kwamba watoto wake wanasoma miungu ya uongo. Tayari alikuwa ameanza kusema kwamba msichana akishajua kuandika barua inatosha. Akamwita Nanjala uani, akamwambia asome. Akisikia upuuzi, kitabu kitaenda motoni na yeye atabaki nyumbani. Nanjala akasoma vile vile alivyotusomea sisi. Tulikuwa tumesahau kwamba papa, kwa miaka yote ya kusoma makopo ya jikoni kwa mzungu, Kiingereza kilikuwa kimemwingia.

"Nanjala, hapa hakuna jembe."

"Ndiyo, papa. Lakini wasikilizaji walikataa ile ya kitabu."

Niliogopa hata nikashika gauni la kukhu. Kisha papa akavuta kigoda, akaketi.

"Soma basi. Huyo wa radi alipalilia mistari mingapi?"

Shule zilipofunguliwa Nanjala alirudi, na baadaye akawa mwalimu.

Siku hizi wajukuu wetu wana miungu hiyo hiyo kwenye simu, inang'aa na kunguruma. Maoni wanayaandika kwa vidole gumba, kwa watu wasiowajua, na hakuna mungu anayejirekebisha. Mwezi uliopita nilimtembelea Nanjala huko Kitale. Macho yamemwisha. Mjukuu wake alikuwa akimsomea kitabu kama kile, Kiingereza safi, bila kukosea neno. Dada alisikiliza kwa upole hadi mwisho, kisha akaniinamia.

"Maskini," akaninong'oneza, "anasoma yaliyoandikwa tu."