Zamu ya Sarhento

Lumeng Pabalan alikuwa amewakanda watu wa Guimbal, mji wa Ufilipino, kwa miaka thelathini na minane, na sharti lake lilikuwa moja tu: mgonjwa awe amebatizwa. Kwa hiyo mbwa wake, Sarhento, aliposhindwa kupanda ngazi za nyumba, hakumgusa. Alimpeleka kwa daktari wa mifugo, mama mmoja mpole aitwaye Ruiza. Daktari alimkunja mbwa miguu ya nyuma, akasema ni baridi yabisi ya nyonga, imechochewa na uzee na unene. Akatoa dawa, akaonya asije akapewa za binadamu, akaagiza wali upunguzwe, matembezi yawe mafupi, na kila jioni mbwa awekewe kitambaa cha moto, kisha akandwe taratibu.

"Nani atamkanda?" Lumeng akauliza.

Daktari akaiangalia ile mikono inayojulikana mji mzima. "Unaniuliza mimi, mama?"

Basi Lumeng akaanza, mlango umefungwa wateja wasimwone. Sarhento alilala ubavu akakoroma, na wiki ya tatu akapanda ngazi mwenyewe.

Mumewe, Dikoy, aliyeendesha jipni, gari la abiria, maisha yake yote, aliyatazama haya kimyakimya kutoka kitini kwake. Alhamisi akaanza kuchechemea mguu wa kulia. Ijumaa ukawa wa kushoto.

"Mzee, ugonjwa umehama?"

"Unazunguka, mama. Ndivyo ulivyo."

Lumeng hakubishana naye. Alimpa matibabu yaleyale ya daktari: wali nusu sahani, nyama ya nguruwe marufuku, na alfajiri kutembea na Sarhento mpaka kanisani na kurudi, polepole. Majirani walimuuliza Dikoy nani anamtembeza mwenzake. Siku ya nne alitangaza kwamba amepona kabisa.

"Bado kukandwa," Lumeng akasema. "Lala hapo. Usimsukume Sarhento, yeye ndiye aliyetangulia."

Dikoy akajinyoosha mkekani. Miguu haikuwa na kitu, kama Lumeng alivyojua tangu mwanzo. Lakini alipofika begani, upande wa mkono wa gia, vidole vyake vilikuta misuli imekaza kama kamba iliyolowa ikakaukia juani, na Dikoy akauma mto.

"Hili la lini?"

"Miaka kumi hivi."

"Na hukusema?"

"Kila siku mlangoni kuna foleni."

Lumeng akaongeza mafuta ya nazi, akaendelea kumkanda. Waliokuwa wakibisha hodi nje waliambiwa warudi kesho.