Vipimo Ndani ya Kifaru

Wachoraji wengi wakitaka kuchora mnyama huanza na mnyama. Rangirangi huanza na takataka. Neno hilo halipendi, ukilitamka mbele yake atakununia siku mbili. Yeye husema "karatasi zenye umri". Haya, tuseme karatasi zenye umri: magazeti, kalenda za mwaka juzi, mifuko ya sukari, ramani za barabara ambazo siku hizi hazifiki popote. Anazipaka gundi nyeupe aliyoizimua kwa maji, anazibandika kwenye turubai moja juu ya nyingine mpaka hakuna pa kuweka kidole, kisha anakaa kwenye kiti chake kisicho na egemeo na kuzikodolea macho. Ukimuuliza unafanya nini, atakwambia anamtafuta mnyama.

Akimpata, anamfuatisha kwa mkaa, anampitishia rangi nyeupe nyepesi, halafu ndipo vurugu linapoanza. Twiga wa waridi. Kiboko wa kijani cha ndimu. Pundamilia wa zambarau aliyeshonewa vifungo vya koti kwenye shingo. Mwisho kabisa huchukua msasa na kusugua hapa na pale, ili maandishi yaliyozikwa chini yachungulie kidogo.

"Lakini si kifaru ni wa kijivu?" aliulizwa siku moja na mwenye duka la vioo, ambaye juu ya duka lake ndipo kilipo chumba cha kazi.

"Wa kijivu ameshaumbwa na Mungu," akajibu. "Mimi nirudie kazi ya mwenzangu ya nini?"

Kifaru huyo mwenyewe alikuwa wa buluu, bega lake la rangi ya chungwa, na alikuwa ameagizwa na wodi ya watoto ya hospitali. Urefu mita mbili. Alimla Rangirangi miezi mitatu, na lile bega peke yake lilimla wiki mbili. Yeye mwenyewe alikuwa akisema hajawahi kupaka kitu kizuri kama bega lile, na ukijua anavyojisema vibaya siku nyingine, ungemwamini.

Asubuhi ya siku ambayo hospitali ingekuja kumchukua, Rangirangi alisikia mtu akipanda ngazi. Hatua moja, kituo. Hatua nyingine, kituo, na kuguna. Magoti yale aliyajua. Yalikuwa ya mama yake, ambaye hakuwahi kukanyaga pale hata siku moja.

Mama huyo mtaa mzima ulimwita Fundi. Alishona nguo miaka thelathini na minane, akaacha macho yalipoanza kumchenga tundu la sindano. Akipima mteja, pini zilikuwa mdomoni, kwa hiyo alitaja namba kwa meno yaliyofungwa, na mumewe, aliyeketi kwenye kigoda pembeni, akaziandika kwa penseli kwenye daftari kubwa. Mzee yule alikuwa na utani usioisha. Hakuandika vipimo tu, aliongeza na maoni yake. Sasa ni mwaka wa pili tangu afariki.

Na daftari lile, jamani, ndilo Rangirangi alilolichukua.

Hakuiba, au tuseme hakujiona anaiba. Mama alimwambia achukue boksi la ruwaza kuukuu za kukatia nguo, akalikuta daftari limelala humo, akasoma kurasa mbili tatu, akacheka mpaka akashika mbavu, akajisemea: hawa watu wote wameshanenepa au wamekufa, mama atataka vipimo vyao vya nini? Angeuliza tu. Kuuliza ni maneno matatu. Hakuuliza, kwa sababu alijua moyoni kwamba angenyimwa, na alilitaka.

Fundi aliingia, akashika mlango, akavuta pumzi. Hata salamu hakusubiri.

"Wewe mtoto, lile daftari la baba yako unalo?"

"Shikamoo mama. Kaa kwanza."

"Marahaba. Sikuja kukaa. Nimepekua nyumba nzima wiki hii, hadi godoro nimelipindua. Liko wapi?"

Rangirangi alifungua mdomo aseme sijui. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Akamtazama mama yake alivyoshikilia mlango kwa mikono miwili, likamwishia hapo hapo. Akanyoosha kidole.

"Limo humo ndani."

"Humo wapi?"

"Ndani ya kifaru."

Fundi alimtazama binti yake, akamtazama kifaru, macho yakamtoka pima. Akasogea hadi pua ikakaribia kugusa mguu wa nyuma, mahali msasa ulipopita, akasoma kwa sauti: "Mwalimu wa hesabu, kiuno thelathini na nane. Mwenyewe anadai thelathini na sita. Tusibishane na mtaalamu." Akahamia tumboni. "Mwenye duka la viatu, mkono wa kulia mrefu kuliko wa kushoto. Asiambiwe." Kicheko kikamtoka puu, akakikamata kwa kiganja kabla hakijamaliza, kwa maana alikuwa bado amekasirika na alitaka kuendelea kukasirika.

"Nisamehe mama. Nilidhani..."

"Ulidhani nini? Sauti yake nimeanza kuisahau, unajua? Nikikaa peke yangu najaribu kuisikia, naisikia yangu. Mwandiko ndio niliobaki nao." Akafuta pua. "Ukurasa wa mwisho uko wapi?"

"Upi?"

"Wa mwisho! Wiki ile kabla hajalala kitandani moja kwa moja nilimwona anaandika. Nikamuuliza unampima nani, mteja hayupo. Akalifunga daftari, akajifanya hamnazo. Sijaufungua ukurasa ule hata mara moja. Nilisema iko siku nitaweza. Jumapili ndiyo nikaamka naweza."

Rangirangi aliukumbuka. Ulikuwa na mistari michache tu na weupe mwingi, hakuusoma, aliupenda kwa weupe wake. Na alikumbuka vizuri mno alipoubandika. Aliligeukia bega la chungwa.

Saa ya ukutani ilisema saa tano. Gari la hospitali lingefika saa nane.

"Nikisugua hapa, bega limekwenda," alisema, kama mtu anayejiambia mwenyewe. "Na huenda nisipate kitu. Msasa hauchagui, ukizidi kidogo unakula rangi na karatasi pamoja."

Fundi alivuta kile kiti kisicho na egemeo akakaa, mkoba mapajani. Ingekuwa rahisi kama angegomba.

Basi Rangirangi alilowesha msasa laini, akaanza. Wiki mbili za chungwa zilimchuruzika mikononi zikaingia ndooni. Kila baada ya kusugua kidogo alifuta kwa kitambaa, akapuliza, akatazama. Chungwa likaisha, ikaja nyeupe. Hapo akatupa msasa, akatumia kitambaa kibichi na kucha, akizungusha polepole, na machozi yakamtoka bila yeye kuyapa kazi yoyote. Penseli haiyeyuki kwa maji, alijikumbusha. Baba aliandika kwa penseli.

Kwanza ilitokea herufi moja. Halafu neno. Karibu saa saba, mstatili mdogo kama bahasha ulikuwa umefunguka katikati ya bega.

"Soma," alisema Fundi. "Miwani yangu imeingia ukungu."

Rangirangi akasoma: "Fundi mwenyewe. Miaka yote hii hajapimwa na mtu, hasimami. Leo nimempima kwa macho akikata kitambaa. Bega, kumi na tano. Mikono, haitulii, imenishinda. Kiuno..." Hapo kucha zilikuwa zimekula karatasi. Palibaki tobo dogo jeupe lililochanika. "Kiuno kimetoka, mama. Nimekifuta. Nimekifuta mimi."

"Endelea."

"Akisimama siku moja, apimwe vizuri."

Huko chini mwenye duka la vioo alikuwa akikata kioo. Kisha Fundi alilia, kilio cha wazi, cha mtu asiyejali nani anasikia, na binti yake akamkumbatia kwa mikono yake ya chungwa, akamchafua sweta lote.

"Kiuno usijali," alisema Fundi alipopata pumzi. "Hapo ndipo angekosea."

Wakacheka, pua zote mbili zikitiririka.

"Sasa kata."

"Nikate nini?"

"Hiyo karatasi. Nakwenda nayo nyumbani. Ulidhani nitawaachia watoto wa watu mume wangu?"

Mimi ningekwambia kwamba alimwachia kifaru ukurasa ule kwa moyo mweupe, lakini ningekuwa nakudanganya. Rangirangi alichukua wembe akatoboa bega la kifaru wa miezi mitatu, akaukata ule mstatili pamoja na turubai yake. Fundi aliutia mkobani, akafunga zipu, akaomba sindano nene na uzi wa njano. Binti ndiye aliyetunga uzi. Kiraka cha turubai ya kijani kikakaa palepale, kimeshonwa kwa mkono wa Fundi, pindo zimelala sawasawa.

Saa nane na robo alifika muuguzi mkuu wa wodi na dereva wake. Akampenda kifaru, akamzunguka, akasimama begani.

"Hapa pamefanyaje?"

Rangirangi alianza kujiumauma. Fundi akamwahi. "Alichanika, akashonwa. Kwani wako wodini hawashonwi?"

Muuguzi alicheka, akasema kuna mmoja ana nyuzi kumi na moja na hataki mtu azione, huyu atawekwa mbele ya kitanda chake. Wakamfunga kifaru kwa blanketi, wakamteremsha ngazi kwa makelele mengi, shika huku, inua kule, mpaka gari likaondoka.

Chumba kikabaki kikubwa. Rangirangi aliosha brashi ambazo hakuzitumia. Alipogeuka, mama yake alikuwa amevua sweta, amesimama katikati ya chumba, mgongo umenyooka, mikono ameitanua pembeni. Yeye aliyewasimamisha watu namna ile miaka thelathini na minane.

"Kuna futi kwenye mkoba," alisema. "Leo nimesimama."

Rangirangi aliitoa futi. Akaanza na bega: kumi na nne. Akapima mikono, nayo ilitulia, ikamngoja. Akapitisha futi kiunoni, akaona ni chembamba kuliko alivyodhani, akaivuta taratibu asimbane.

"Ngapi?"

Akamwambia.

"Andika," alisema Fundi, bila kushusha mikono. "Na usinipunguzie."