Marlys Alivyokataa Kumnyoosha Delbert

Marlys Tjaden alikuwa na mikono mipana kama ya baba yake aliyekamua ng'ombe maisha yake yote, na mdomo usiojua kunyamaza. Mimi nilikaa mapokezi, yeye akinyoosha migongo ya wakulima chumba cha ndani, katika kliniki ya kunyoosha migongo ya Loren Hegland, hapa kwetu Iowa, Marekani. Ilikuwa miaka ya tisini, wakati watu waliogopa mafuta kama sumu na kila jiko mjini lilijaa biskuti zilizoandikwa kwa herufi kubwa: HAZINA MAFUTA.

Nusu ya mji waliamini Marlys anavunja watu mifupa. Nusu nyingine waliamini anaponya hata kisukari. Wote aliwagombeza.

"Huo mlio wa mgongo ukinyooshwa ni hewa kwenye maungio, si mfupa," aliwaambia. "Na mkono wangu haufiki kwenye kongosho lako. Dawa zako meza."

Maneno hayo yalimuudhi Hegland. Yeye alihubiri kwamba mgongo ukinyooka mwili mzima unapona, na nyuma ya kiti changu alipanga rafu nzima ya makopo ya unga wa kujenga mwili, ya kuuzia wagonjwa.

Asubuhi moja ya Machi aliingia Delbert Voss, mfuga nguruwe, akiburuta miguu, kamshika bega mkewe Arlene. Alikuwa amekonda hadi suruali inamning'inia.

"Unakula nini siku hizi?" Marlys akamuuliza palepale mapokezi, akimpapasa mgongo.

"Nakula kiafya! Mayai nimeacha, nyama nimeacha. Mchana maji ya matunda na hizi biskuti. Hegland kasema nikipungua, mgongo utatulia."

"Biskuti hizo sukari tupu, Delbert. Nguruwe wako wanakula vizuri kuliko wewe. Haya, miguu ikoje?"

"Ganzi. Yote miwili."

"Na hapo unapokalia?"

Delbert akawa mwekundu, akatazama dari. Arlene ndiye aliyejibu. "Hasikii kitu. Na tangu jana jioni hajakojoa."

"Arlene!"

"Nyamaza wewe! Unataka nikamwambie nani, mchungaji?"

Marlys akaondoa mikono yake mgongoni mwa Delbert. "Simgusi. Anakwenda hospitali sasa hivi."

Hegland alisikia, akatoka ofisini. "Mlaze kitandani. Mnyooshe mara tatu wiki hii, atakuwa sawa."

"Kuna kitu kimebana mishipa ya fahamu huku chini. Huyu huenda akahitaji kupasuliwa, tena leo. Tukichelewa, hatatembea."

"Wale madaktari wametuita matapeli miaka yote, leo unawapelekea mgonjwa wetu? Watatucheka!"

"Wacheke."

"Ukitoka naye huo mlango, usirudi."

"Verna," Marlys akaniambia bila kumtazama Hegland, "nipe koti langu."

Akamwendesha mwenyewe kwa gari lake, Arlene kakaa nyuma, Delbert akilalamika njia nzima kwamba alikuja kunyooshwa, si kuchinjwa. Kule hospitali daktari kijana aliposikia kazi ya Marlys, akakunja uso. "Umemfanya nini huyu?"

"Sijamfanya kitu. Mpime hapo anapokalia, halafu utanitukana vizuri."

Alimpima. Hakutukana. Kabla ya jua kuzama Delbert alikuwa ameshapasuliwa. Leo anatembea kwa fimbo, na mguu wa kulia bado una ganzi, lakini anatembea.

Hegland hakurudi nyuma. Mwezi wa Mei Marlys akakodi duka lililokuwa la mbegu, akafungua kliniki yake, nami nikamfuata. Mlangoni alibandika karatasi aliyoiandika kwa mkono: "Ninanyoosha mgongo. Sitibu kisukari. Siuzi unga wa makopo." Wenzake wa kazi walimwita msaliti. Madaktari wengine waliendelea kumwita mvunja mifupa. Hata hivyo aliwaandikia hao madaktari barua za kuwapelekea wagonjwa, kwa wino mweusi, na kusaini jina lake lote.

Kiangazi hicho, kwenye chakula cha kanisa, mama mmoja alisimama mbele yake na sahani iliyofurika viazi vinavyoelea kwenye siagi.

"Kwa hiyo, Marlys, tumeruhusiwa sasa? Tule siagi tu?"

"Nani kasema? Nimesema yai si sumu na biskuti si dawa. Chukua na maharage hayo, na kabichi."

"Kabichi yenyewe mbaya."

"Basi itie siagi kidogo," Marlys akasema, akampakulia kabichi yeye mwenyewe, kijiko kikubwa.