Nilivyowakimbia Wafalme Wanne

Nimecheza poka miaka thelathini na moja, na wafalme wanne nimewapata pamoja mara moja tu.

Hiyo mara moja, nilisimama nikawakimbia.

Sikuwa nimelewa. Ilikuwa Jumamosi saa saba mchana, na kitu pekee nilichokuwa nimekunywa ni chai.

Sasa hiyo chai ndiyo habari yenyewe.

Ngoja niipange vizuri, maana mke wangu Mizelli husoma kila ninachoweka humu, na nikizidisha chumvi anaandika maoni chini watu wote waone.

Naitwa Hezekiah Loveridge. Hezi kwa marafiki na kwa polisi. Sisi ni Majipsi wa Lincolnshire, Uingereza, watu wa barabarani tangu babu wa babu. Nilizaliwa ndani ya gari la farasi, na baba aliapa mpaka anaingia kaburini kwamba mkunga alipofika, kwanza alikatishwa karata ili ijulikane nitakuwa na bahati au la.

Ilitoka mbili ya maua. Akaambiwa akate tena.

Nimeuza farasi miaka arobaini. Siku hizi nimestaafu, tunakaa kwenye kambi ya halmashauri, makaravani kumi na mawili juu ya lami tupu. Jani la kumfichia sungura hakuna. Ndipo poka ikanishika kabisa. Mimi ni mchezaji wa ridhaa, kama wale wacheza mpira wa Jumapili wenye vitambi, ila mimi nacheza nimekaa.

Nilikuwa nimebakiwa na farasi mmoja. Sukey, jike wa madoa meupe na meusi, miaka ishirini na miwili. Mama yake ndiye aliyevuta gari la baba yangu. Baada ya huyo, ukoo wetu hauna tena kwato.

Nilizoea kumfunga kwenye majani kando ya barabara. Kila mtu alifanya hivyo, tangu enzi.

Wiki moja likaja tangazo, limebandikwa kwenye nguzo: ikifika Jumatatu, farasi yeyote atakayekutwa kando ya barabara atachukuliwa.

Na farasi wa umri ule akienda mnadani, mnunuzi wake ni mmoja tu. Huyo hanunui ili apande.

Mizelli akaniambia, "Hezi, Sukey akiondoka, utabaki mzee tu mwenye kofia."

Sikula chakula cha jioni. Nyinyi hamumjui Mizelli anavyopika, kwa hiyo hamjui nimesema nini hapo.

Sasa, mjini kuna klabu ya wastaafu, na nyuma yake kuna kiwanja cha majani, ekari mbili, kina uzio na geti. Zamani wanachama walikigombania. Mmoja alitaka kabeji, mwingine alitaka kupigia gofu, wakachapana bakora, wazee wazima. Basi mwenyekiti wao, Clive, postamasta mstaafu, akatoa hukumu: kila mwaka watacheza poka, na mshindi anakabidhiwa ufunguo wa geti mwaka mzima.

Mashindano ya mwaka huo yaliangukia Jumamosi. Siku mbili kabla ya lile tangazo kuanza kazi.

Nikajiandikisha.

Nilifika asubuhi, nikaingia kupitia jikoni. Nikamkuta Clive amekaa kwenye stuli, suruali imekunjwa mpaka magotini, miguu yote miwili ndani ya beseni la bluu. Maji ya moto na chumvi.

"Sugu zinanitesa, Bwana Hezi," akasema. "Utakunywa chai?"

"Hapana. Nimekuja na chupa yangu."

Hapo lazima nieleze jambo. Kwetu, beseni la vyombo ni la vyombo. La kunawia ni la kunawia. La nguo ni la nguo. Ukichanganya, chombo kimekuwa mokadi, na mokadi ni uchafu ambao hata ukichemsha sabuni siku saba hautoki. Mizelli aliwahi kuvunja seti nzima ya vikombe vya maua, vya mama yake, kwa sababu mgeni mmoja alisuuzia soksi kwenye beseni la vyombo. Alivunja kimoja kimoja, analia, lakini anavunja.

Kwa hiyo mimi kwa watu wa majumba sinywi. Wao huosha chochote popote, na wanakupa chai ikiwa na biskuti pembeni.

Tulianza wachezaji ishirini na wanne. Sitaki kujisifu, lakini najisifu. Mtu aliyenunua farasi miaka arobaini anajua uso wa uongo. Anayeuza farasi kilema hukupigia hadithi za mama wa farasi. Mwenye karata mbovu naye huanza kuuliza habari za wajukuu. Nikawang'oa mmoja mmoja. Mwalimu mstaafu akang'oka. Fundi bomba akang'oka. Mchungaji akang'oka, akasema neno ambalo sikutegemea analijua.

Tukabaki wawili. Mimi na Bi. Doreen.

Bi. Doreen alikuwa mjane wa mtu wa posta. Sweta la kijivu, miwani yenye kamba, sindano za kufumia mikononi. Alikuwa anafuma kati ya raundi na raundi. Wanaume sita walitolewa na yule mama, na wote sita walimwambia asante.

Tukapumzika kidogo. Nikafungua chupa yangu ya chai. Tone halimo. Nilikuwa nimezungumza mno.

Koo kavu kama ngozi ya ngoma. Mara Bi. Doreen huyu hapa, ameshika kikombe, mvuke unapanda.

"Kunywa, baba. Fainali haichezwi koo kavu."

Nikakitazama kile kikombe jinsi ninavyotazama mdomo wa farasi. Ndani, nje, chini. Cheupe, kinang'aa, hakina hata ufa. Nikajiambia, Hezi, mama wa watu kakuheshimu, usimwaibishe.

Nikanywa chote.

Clive akagawa. Nikachungulia karata zangu mbili. Mfalme. Mfalme.

Akafunua tatu za katikati, ambazo ni za wote. Mfalme, saba, mfalme.

Nikautuliza uso. Baba alinifundisha kwamba ukipata farasi mzuri kwa bei ya punda, fikiria jino linalouma. Nikafikiria meno yote.

Bi. Doreen akaweka sindano chini. Akasukuma vibao vyake vyote vya dau katikati ya meza, taratibu, kama anayesogeza sahani.

"Vyote," akasema.

Zamu yangu. Nilitakiwa kusema neno moja tu: nakubali. Halafu nifunue, nichukue ufunguo, nitoke nje, ambako Mizelli alikuwa amesimama kwenye geti ameshamshika Sukey kamba, maana alikuwa na imani na mimi kuliko nilivyostahili. Kupitia dirishani nilimwona Sukey kapitisha shingo juu ya geti, anakula majani ambayo bado hayajawa yetu.

Lakini nikataka kuionja. Ushindi mtamu haumezwi kama donge la ugali. Nikajifanya nafikiri. Nikakuna kidevu. Nikahema.

Kosa langu ndilo hilo.

"Chai ilikuwa sawa, baba?" Bi. Doreen akauliza.

"Nzuri sana, mama."

"Nashukuru. Maana vikombe vilikuwa na vumbi, na bomba la maji ya moto linasumbua. Kwa hiyo nikakisuuza haraka haraka kwenye lile beseni la bluu."

Akashika tena sindano zake.

Ndugu zangu, nililiona beseni. Niliona miguu. Niliona kidole gumba cha Clive, kile cha kushoto, kinanipungia.

Nikafungua mdomo niseme nakubali. Kilichokuwa kinakuja juu hakikuwa neno.

Nikasimama.

"Bwana Hezi," Clive akasema, "unaijua kanuni. Ukiacha kiti kabla raundi haijaisha, karata zako zimekufa, na fainali imekwisha."

Nilimsikia. Nilimfikiria Sukey. Naapa nilijaribu kukaa. Nilishika meza kwa mikono miwili, na meza nikaanza kuondoka nayo. Fundi bomba akaishika upande wa pili.

Nikaiachia, nikatoka mbio, nikaenda kupiga magoti kwenye bustani ya mawaridi ya klabu. Nasikia mwaka ule yalichanua vizuri.

Mizelli akaniita toka getini. "Hezi. Umeshinda?"

"Nimenyweshwa beseni la miguu."

Akarudi nyuma hatua mbili, na Sukey akarudi naye.

"Usinisogelee," akasema. Kisha, taratibu, "Na ufunguo?"

Nikavua kofia. Akanitazama, akaelewa. Akageuka, akaegemeza paji lake kwenye shingo ya Sukey, akabaki hivyo. Miaka arobaini na sita ya ndoa, mvua, polisi, misiba, sikuwahi kumwona mke wangu akiegemea kitu.

Mlango wa klabu ukafunguliwa. Bi. Doreen akaja polepole, sweta lake, mkoba wake, ufunguo mkononi.

Hakufungua geti. Alikwenda moja kwa moja kwa Sukey. Akateremsha kiganja kwenye mguu wa mbele, toka begani hadi kwenye kifundo, akabonyeza kidogo. Sukey akainua mguu mwenyewe.

Mimi na Mizelli tukatazamana. Watu wa majumba humpigapiga farasi puani na kumwita mtoto mzuri. Hawafanyi hivyo.

Akafunua mdomo wa Sukey, akatazama meno.

"Ishirini na miwili," akasema. "Na wewe unawaambia wanunuzi kumi na minne."

"Kumi na mitatu," nikasema.

Mizelli akamkazia macho. "Mama, wewe ni wa akina nani?"

Yule mama akavua miwani.

"Baba yangu alikuwa Leander Heron. Jina nililopewa ni Sinfai. Nilitoroka na mtu wa posta nikiwa na miaka kumi na tisa, tukaingia kwenye nyumba, na mlango ukafungwa. Miaka hamsini na miwili. Wanangu wanadhani babu yao alilima viazi."

Nilimjua Leander Heron. Nani hakumjua. Alikuwa anaweza kukuuzia farasi wako mwenyewe, na ukaenda nyumbani unamshukuru.

Damu ikanirudi usoni. "Kwa hiyo lile beseni ulijua maana yake."

"Nilijua."

"Ukanipa kikombe cha namna ile, mimi, mtu wa kwenu?"

"Wewe mtoto, una akili?" akasema. "Kikombe kile hakijawahi kuliona lile beseni. Ni changu. Nakitoa nyumbani, nimekifunga kwenye kitambaa, kila ninapokuja hapa. Unadhani mimi nakunywea vyao?"

 Hata Sukey aliacha kutafuna.

"Ulikuwa na karata gani?" nikauliza.

"Tisa na nne."

"Za alama moja, angalau."

"Wala."

Mizelli akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika geti. Alicheka mpaka wanachama wakatoka kuangalia nani kafa.

Nilipoona hanyamazi, nikamgeukia yule mama. "Kama shida yako ilikuwa farasi, kwa nini hukusema tu?"

"Ningekuomba farasi, ungenipa?"

Nikafikiri kwa haki. "Nisingekupa."

"Na mimi majani nisingekupa. Nina ekari mbili, sina kwato. Wewe una kwato, huna hata kikapu cha majani. Haya, sasa tunaweza kuongea kama watu."

Tukaongea. Nusu saa nzima pale getini, namna yetu, tunaondoka tunarudi, tunatemeana maneno. Alitaka Jumapili zote: Sukey afungwe kwenye kigari changu, na hatamu ashike yeye. Nikasema Jumapili moja kwa mwezi. Akarudisha ufunguo mfukoni. Nikasema mbili. Akavaa miwani yake aondoke.

"Mpige mkono wewe mzee," Mizelli akasema, "kabla hajaongeza na Jumatano."

Nikampiga mkono, Jumapili zote, kiganja kwa kiganja, sauti ikasikika. Kwetu hapo pamefungwa, hata hakimu hafungui.

Akafungua geti. Sukey akaingia bila kungoja kuambiwa.

Kesho yake, Jumapili, saa tano asubuhi, watu wanatoka kanisani, Sinfai Heron akapita katikati ya mji. Kavaa kitambaa chekundu kichwani na hereni za dhahabu ambazo nadhani hazikuwa zimeona jua tangu siku aliyotoroka. Hatamu mkononi, mgongo umenyooka, na Sukey anapiga kwato kama ana miaka minne.

Clive akabaki mdomo wazi kando ya njia. "Bi. Doreen, hayo umejifunzia wapi?"

Akasimamisha farasi katikati ya barabara, magari yakajipanga nyuma.

"Kwa baba yangu," akasema, kwa sauti ya kufika mpaka madhabahuni. "Alikuwa Jipsi, na mimi ni Jipsi. Waambie na walio ndani."

Akaendelea.

Mimi nilikuwa nyuma yao, kwa miguu. Kigari kina nafasi ya watu wawili, na Mizelli alikuwa ameshakaa.

Basi vijana mnaocheza karata, sikieni neno la mzee. Ukikaa mezani na mtu usiyemjua, usihangaike kukisia karata zake. Hizo ni vikaratasi. Muulize kwanza kwao ni wapi, na mama yake aliosha vyombo namna gani.

Akikataa kujibu, ondoka mezani kabla hajakuletea chai.